Likizo ya Familia Ufukweni Mafia: Mwongozo Kamili kwa Mzazi Anayetoka Dodoma

Mzazi wa Dodoma anayepanga kuwapeleka watoto baharini kwa kawaida huanza na bei ya chumba, kisha nauli, kisha tarehe alizoruhusiwa kazini. Mwongozo huu unapendekeza mpangilio mwingine: anza na upepo na maji, fuatisha nauli, na chumba kije mwisho. Sisi tunaoishi nyanda kame za kati, mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, tumezoea kuugawa mwaka kwa msimu mmoja wa mvua unaoanza Desemba na kumalizika Aprili. Kisiwani mwaka hugawanywa kwa kaskazi na kusi, na siku hugawanywa kwa maji kujaa na kupwa. Familia isiyolijua hilo inaweza kulipa fedha nyingi ikafika ufukweni saa nne asubuhi na kukuta matope, mawe na mashua zilizolala ubavu, huku watoto wakiuliza bahari iko wapi.

Nimechagua Kisiwa cha Mafia kwa sababu ni kidogo, ni kitulivu, na kinawafaa watoto walio na umri wa kutosha kufuata maelekezo. Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, na kisiwa chenyewe, chenye urefu wa karibu kilomita 50, kiko mkabala na delta ya Mto Rufiji. Upande wake wa kusini mashariki vimejipanga visiwa vidogo vya Chole, Juani na Jibondo. Eneo hilo lote liko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini. Kama unasafiri na mtoto mchanga, mama mjamzito au mzee mwenye maradhi ya kudumu, ni heri uende Unguja, ambako boti kutoka Dar es Salaam huchukua takriban saa mbili na hospitali ni nyingi zaidi. Mafia itawasubiri.

Hatua ya kwanza: chagua msimu

Upepo wa kusi, utokao kusini mashariki, hutawala kuanzia Aprili hadi Septemba, na huwa mkali zaidi Juni na Julai. Miezi hiyo miwili hewa ni ya baridi kidogo na mvua ni chache, lakini bahari huchafuka na safari ya boti huwa ngumu kwa watoto. Kaskazi, utokao kaskazini mashariki, huanza kushika kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Machi. Joto ni kali, lakini maji ya upande wa magharibi wa kisiwa hutulia. Kati ya pepo hizo mbili kuna vipindi vya mpito, na kile cha Septemba na Oktoba ndicho kizuri kuliko vyote.

Miezi ya kuepuka kabisa ni Aprili na Mei. Hiyo ni masika, na mvua ya pwani wakati huo haifanani na ya kwetu, ambayo hupiga saa mbili ikaondoka. Zaidi ya hayo, mapema Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika nchi kavu kikipitia Mafia na kuharibu makazi, jambo linaloonyesha kwamba bahari ya kipindi hicho si ya kuchezewa.

Sasa linganisha na kalenda ya shule. Likizo ya Juni huangukia kwenye kusi, hivyo atakayeitumia ajiandae kwa mawimbi au apande ndege. Likizo ya Desemba ni nzuri kwa bahari, ingawa mvua za vuli zinaweza kuwa hazijaisha. Tatizo lake liko kwetu nyumbani: wenye mashamba ya mtama, uwele au alizeti huko Chamwino, Bahi na Kongwa wanapanda wakati huohuo, na tiketi za kuelekea sikukuu hugombaniwa. Ikiwa familia yako inalima, mapumziko mafupi ya katikati ya muhula wa pili, ambayo kalenda za miaka ya karibuni zimeyaweka mwanzoni mwa Septemba, yanafaa kuliko yote: kusi inapungua, ardhi ni kavu, na shamba bado halijakuhitaji.

Hatua ya pili: chagua siku kwa kuangalia mwezi

Hapa ndipo ningemwomba msomaji atulie, kwa sababu hatua hii haigharimu chochote na faida yake ni kubwa kuliko ya nyingine yoyote. Katika pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku moja au mbili zinazofuata, huwa bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kimo inaweza kupita mita tatu. Mwezi unapokuwa nusu, maji hayaendi mbali. Wavuvi huyaita maji mafu.

Siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Hizo ni siku za kutembea kwenye mafungu ya mchanga na kutazama viumbe kwenye vidimbwi asubuhi, kisha kuoga alasiri. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa kabla ya adhuhuri na kupwa jioni, na kwa kuwa tofauti ni ndogo, mikondo nayo huwa dhaifu. Kwa familia yenye watoto wasiojua kuogelea vizuri, ushauri wangu ni kufika siku mbili kabla ya maji mafu na kukaa siku tano au sita. Asubuhi watoto watapata maji ya kutosha, na wakati wa jua kali la saa saba mtakuwa kivulini.

Kalenda yoyote inayoonyesha mwezi, ikiwemo ile ya Kiislamu inayotundikwa madukani, inatosha kukadiria. Ukipiga simu kwenye nyumba ya wageni, usiulize tu kama chumba kipo. Uliza maji yatajaa saa ngapi tarehe hizo. Mwenyeji wa Mafia atakujibu bila kufikiri mara mbili.

Hatua ya tatu: maandalizi mkiwa bado Dodoma

Anza wiki sita kabla. Jambo la kwanza ni watoto kuzoea maji. Mabwawa ya kuogelea yapo katika baadhi ya hoteli za mjini, na mtoto akienda kila Jumamosi chini ya mwalimu atajifunza angalau mambo matatu ya lazima: kuelea chali, kutoa pumzi akiwa majini, na kugeuka kurudi ukingoni. Usiwafundishie Mtera, ambako kuna viboko na mamba.

Jambo la pili ni malaria, na naomba lisichukuliwe kwa wepesi. Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo nchini, kwa hiyo watoto waliokulia hapa hawana kinga ya mwili waliyo nayo wenzao wa Pwani. Waone wataalamu wa afya mapema na uulize kuhusu dawa za kinga, hasa kwa walio chini ya miaka mitano na kwa mama mjamzito. Beba chandarua chenu hata kama mmeambiwa vyumba vinavyo, dawa ya mbu ya kupaka, na nguo za mikono mirefu za jioni. Kadi za bima ya afya zikae kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na ORS (chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini kwa anayeharisha), dawa ya homa, dawa ya kutuliza kichefuchefu na dawa za kila mgonjwa wa kudumu kwa siku zote za safari na siku nne za akiba.

Kuhusu mizigo, kila mtu awe na yeboyebo zilizofungwa kisigino, kwa sababu ndala hutoka mguuni majini na miamba hukata. Beba kofia, fulana za mikono mirefu za kuogea nazo, losheni ya kukinga jua kwa wenye ngozi inayoungua upesi au wenye ualbino, na tochi. Nguo ziingie kwenye mabegi ya kitambaa, wala usifunge kitu kwenye mifuko ya plastiki, ambayo imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Jaketi okozi za watoto ni afadhali mnunue au mwazime wenyewe Dar es Salaam. Boti nyingi huwa nazo za watu wazima, na jaketi kubwa humchomoka mtoto mara tu anapoingia majini.

Fedha ziandaliwe kwa mafungu: nauli za kwenda na kurudi, malazi, chakula, kiingilio cha hifadhi, boti za matembezi, na akiba ya siku mbili. Akiba hiyo si anasa, kwa maana bahari ikichafuka chombo hakiondoki na mtalala tena mtake msitake. Benki ipo Kilindoni, mji mkuu wa wilaya, na malipo ya simu yanakubalika sehemu nyingi, lakini noti ndogo ndogo ni muhimu kwa wenye ngalawa na mama lishe.

Hatua ya nne: safari yenyewe

Tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma mwaka 2024, mzigo mkubwa wa safari hii umepungua. Barabara ya kilomita 450 hivi hadi Dar es Salaam, ambayo kwa basi hula siku nzima, kwa treni huchukua kati ya saa tatu na nne. Nauli ya daraja la kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima. Kata tiketi mapema, uwe na kitambulisho chako na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kwa sababu nauli ya mtoto hutegemea umri.

Lala Dar es Salaam usiku mmoja. Kuunganisha safari zote siku moja kunawezekana kwa kijana mwenye begi la mgongoni, lakini kwa watoto ni mateso. Kutoka hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni ndege ndogo, inayochukua nusu saa na ushee, na ambayo hupima mizigo kwa ukali. Ya pili ni kupita barabara ya Kilwa kutokea Mbagala hadi bandari ya Nyamisati, wilayani Kibiti, kisha boti au kivuko hadi Kilindoni kwa saa kadhaa. Ratiba za Nyamisati hubadilika, hivyo pata uthibitisho siku moja kabla, na ulale upande wa Mbagala ili kuikwepa foleni ya asubuhi.

Anayesafiri kwa boti ana zawadi moja ambayo wa ndege haipati vizuri: kupita kando ya mikoko ya delta ya Rufiji. Humo ndimo manowari ya Kijerumani Königsberg ilipojificha wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza waliiteka Mafia Januari 1915, wakaitumia kama kituo cha ndege za kuitafuta, hadi ilipoangamizwa Julai mwaka huohuo. Mtoto wa darasa la sita atakumbuka somo hilo maisha yake yote akilisikia akiwa palepale.

Kabla ya kupanda, sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambayo hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa. Wape watoto kifungua kinywa chepesi kisicho na mafuta, wakae katikati ya chombo ambako kunayumba kidogo, na watazame mbali badala ya simu. Nahodha akijaza watu kupita kiasi, teremka na familia yako hata kama nauli haitarudishwa. Kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka karibu na Ukara Septemba 2018 na kuua watu zaidi ya 200, kilikuwa kimebeba watu wengi kuliko uwezo wake.

Hatua ya tano: mahali pa kulala

Kuna sehemu mbili kuu. Kilindoni, upande wa magharibi, kuna nyumba za wageni za bei nafuu, soko, Hospitali ya Wilaya, na ufukwe mpana wa mchanga. Utende, upande wa ghuba ya Chole, kuna hoteli za watalii na kambi ndogo; ni ndani ya hifadhi, kwa hiyo kila mtu hulipia kiingilio, ingawa Mtanzania hulipa kidogo sana kuliko mgeni kutoka nje. Umbali kati ya sehemu hizo mbili haufiki kilomita 20 na barabara ni ya lami.

Kwa familia ya kipato cha kawaida naona busara ni kulala Kilindoni usiku mwingi na kutenga usiku mmoja au siku mbili za kwenda Utende. Omba chumba chenye madirisha ya wavu na feni inayofanya kazi, na uhakikishe kwa macho.

Hatua ya sita: usalama majini

Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Hunyamaza, kichwa kimeinuliwa nyuma, mikono ikisukuma maji kwa chini. Kwa hiyo usimamizi wa ufukweni ni kazi ya zamu, yenye mtu aliyetajwa kwa jina. Baba au mama mwenye zamu hashiki simu, hasinzii, na kwa mtoto asiyejua kuogelea anakaa umbali wa kunyoosha mkono. Baada ya nusu saa anampokeza mwingine kwa kutamka. Familia zinazokwenda kwa makundi, mashangazi na binamu wote wakiwa ufukweni, ndizo zilizo hatarini zaidi, kwa kuwa kila mmoja hudhani mwenzake anaangalia.

Tyubu za gari na maboya ya kupuliza yaacheni nyumbani. Kilindoni hutazama magharibi, na kaskazi hutoka kaskazini mashariki, hivyo upepo huo husukuma kitu chepesi kutoka ufukweni kwenda kilindini. Maji yanaonekana kama ya bwawa, na utulivu huo ndio unaodanganya: mtoto aliyelala kwenye tyubu anaweza kuwa mbali kabla hajatambua. Wakati wa kusi hatari hiyo ni kubwa vilevile, kwa sababu upepo wa kusini mashariki nao huelekea kilindini kwa anayesimama upande huo wa magharibi.

Kwenye ghuba ya Chole hatari ni mikondo. Maji yote ya ghuba huingia na kutoka kupitia milango michache kati ya visiwa, na mlango wa Kinasi unajulikana kwa nguvu zake. Hapo ni pa wazamiaji wenye ujuzi. Mtu akichukuliwa na mkondo asipambane nao uso kwa uso. Aelee, ainue mkono, na aogelee kwa kuukata ubavuni hadi utakapomwachia.

Mkitembea kwenye fungu la mchanga au mwamba maji yakiwa yamekupwa, muulizeni mwenyeji yataanza kurudi saa ngapi, na mgeuke saa moja kabla. Maji hayarudi kwa mstari mmoja kutoka mbele; hupita kwanza kwenye mifereji iliyo nyuma yenu, na anayeangalia mbele hujikuta amezungukwa.

Kuhusu viumbe, fundisha kanuni moja tu: hakuna kinachoshikwa. Vile viumbe vya mviringo vyenye miiba mirefu myeusi huacha vipande ndani ya nyayo. Taa, samaki bapa mwenye mwiba wa sumu mkiani, hujifukia mchangani, kwa hiyo watoto watembee kwa kuburuta miguu ili aondoke mapema. Yuko pia samaki anayefanana kabisa na jiwe, mwenye miiba ya sumu. Aliyechomwa na taa au na samaki huyo atumbukize sehemu hiyo kwenye maji ya moto kadiri awezavyo kuvumilia bila kuungua, mtu mzima akiyapima kwanza, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, na apelekwe hospitali. Aliyeguswa na konyeza, kiumbe laini kama ute kinachowasha, asafishwe kwa maji ya bahari, na asisuguliwe kwa mchanga.

Hatua ya saba: mambo ya kufanya

Kuanzia Oktoba hadi Machi papa potwe huonekana upande wa Kilindoni. Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani, anaweza kufikia mita 12 au zaidi, na chakula chake ni viumbe vidogo anavyochuja majini pamoja na samaki wadogo. Kwa mtu hana madhara. Tafuta mwenye boti aliyezoea kazi hiyo, ondokeni asubuhi, na watoto wasiojua kuogelea wamtazame wakiwa botini wamevaa jaketi. Anayeshuka majini asimguse na asimzibie njia. Usilipe boti inayokuahidi kumfukuza hadi asimame; samaki huyu yuko kwenye orodha ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka, na kumsumbua ni kuwanyima watoto wetu siku za mbele.

Chole ipewe nusu siku. Kutoka Utende mnavuka kwa mashua kwa dakika chache, mnaona magofu ya enzi za Wajerumani yaliyokumbatiwa na mizizi ya miti, na popo wakubwa walao matunda wakining'inia mchana kweupe. Mafundi wa mashua bado wanachonga mbao kwa mkono. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Juani kuna magofu ya Kua, mji wa Waswahili ulioshambuliwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19, na yafaa kwenda na mwongozaji wa kijiji kwa sababu vichaka ni vizito. Katika kisiwa hichohicho kasa hutaga, na kati ya Juni na Septemba mnaweza kubahatika kuona watoto wao wakianguliwa na kukimbilia majini.

Msinunue makombe makubwa wala kitu chochote cha gamba la kasa.

Chakula si tatizo: samaki, pweza, wali wa nazi, mihogo na ndizi hupatikana kwa mama lishe, ila vitu vya dukani ni ghali kwa kuwa huvuka bahari. Nunua maziwa ya kopo na nepi Dar es Salaam. Maji ya kunywa yawe ya chupa au yaliyochemshwa, na watoto wanywe kabla hawajaona kiu, kwa sababu joto la unyevunyevu huwachosha waliozoea hewa kavu. Wakazi wengi ni Waislamu. Nguo za kuogea ziishie ufukweni, kanga na kanzu fupi zivaliwe mjini, na Shikamoo itangulie kwa kila mkubwa.

Hatua ya nane: kurudi

Panga kuondoka kisiwani siku mbili kabla ya tarehe ya kazi au shule, ili upepo ukikataa usikuvurugie. Osha miwani ya mbizi, yeboyebo na simu zilizopigwa na mvuke wa chumvi kwa kitambaa chenye maji baridi.

Kisha weka alama kwenye kalenda. Dalili za malaria huanza siku saba au zaidi baada ya kuumwa na mbu, mara nyingi kati ya wiki ya pili na ya nne, na wakati mwingine huchelewa zaidi. Mtoto akipata homa, maumivu ya kichwa, kutapika au kuharisha katika miezi mitatu inayofuata, mpeleke kupimwa siku hiyohiyo, na mwambie mhudumu wa zahanati bila kusubiri kuulizwa kwamba mlikuwa Mafia, mkitaja tarehe. Hapa Dodoma mhudumu anaweza kufikiria mafua kwanza, na taarifa hiyo moja ndiyo itakayomfanya achukue kipimo cha malaria.